Mahandaki ya Bukini ni yetu pia

Babu yetu mzaa mama alikuwa na neno moja, akishalitamka tu sisi watoto tunajua hadithi imeanza: Bukini. Sijawahi kumsikia akisema Madagaska hata siku moja. "Nilipokuwa Bukini", afu anajiweka sawa kwenye kigoda chake na anaanza na daraja, kila siku ni daraja, daraja kubwa la kuning'inia ambalo Wafaransa walilikata kamba zake likaanguka likalala mtoni, kumbe maji yenyewe ni machache, kwa hiyo wao askari wa Keya, yani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakapita juu ya daraja lililolala huku wamenyanyua bunduki. Sisi watoto wa Tanga tulikuwa tunaona mzee anatupamba tu. Kafariki bado tunaona anatupamba.

Mwaka juzi nilipata safari ya kikazi kaskazini mwa Madagaska, mji wa Antsiranana ambao wenyeji wengi bado wanauita Diego, na siku moja ya mapumziko nikaamua kwenda kutembea kwenye zile ngome za pwani zilizoachwa. Nilitaka kutembea tu na kupiga picha, lakini nimerudi na hoja na naomba niiseme yote. Yale mahandaki na ile mizinga yenye kutu ni sehemu ya historia ya watu wanaozungumza Kiswahili, sawa kabisa na Fort Jesus au magofu ya Kilwa, na sisi tumeyaacha kama vitu vya Wafaransa na Waingereza ambavyo havituhusu.

Nianze na njia yenyewe. Unatoka Diego asubuhi na teksi, mji mzima umejaa Renault 4 za njano kuukuu na bajaji, unakwenda kama kilomita 20 hadi kijiji cha wavuvi kinaitwa Ramena. Njiani upande wa ghuba unakiona kisiwa kidogo chenye umbo la pia, Nosy Lonjo, wenyeji wanakiheshimu kama mahali pa mizimu na hukanyagi pale. Kijana aliyenitembeza asili yake ni Ngazija, kwa hiyo tulikuwa tunaongea yeye Kingazija mimi Kiswahili na pale tunapokwama anaingiza Kifaransa na mimi naingiza mikono. Njiani alikuwa ananitajia wanyama kwa Kimalagasi, kuku wanaita akoho, mbwa amboa, ng'ombe omby, punda ampondra, kanga ni akanga. Yani mtu umevuka bahari nzima na bado kuku ni kuku.

Baada ya Ramena unaingia eneo la jeshi, bado ni kambi hadi leo, unalipa kidogo getini ndo unaruhusiwa kupita kwa miguu. Hapo ndo rasi ya Orangea, inayoshika mlango wa ghuba. Na ghuba yenyewe ni kubwa ajabu, ni moja ya bandari za asili kubwa duniani, ukiwa ndani unaona bahari kila upande umezungukwa na nchi kavu na mahali pa kutokea ni mlango mwembamba tu upande wa mashariki. Kila jemadari aliyewahi kuitazama ramani ya Bahari ya Hindi aliitamani. Wafaransa waliichukua kwa mkataba wa 1885, na 1900 wakamleta afisa anaitwa Joseph Joffre, huyuhuyu ambaye baadaye 1914 alikuja kuwa jemadari mkuu wa Ufaransa kwenye mapigano ya Marne, vita vya kwanza vya dunia, wakamwambia igeuze hii sehemu iwe ngome. Alikaa miaka akijenga, mizinga kwenye rasi kulinda mlango wa bahari, na upande wa nchi kavu kusini ya mji mstari wa mahandaki na vingome kuziba shingo ya nchi. Joffre ana sanamu lake pale mjini linatazama bandari. Waliobeba mawe na kukoroga zege sikuona jina lao popote.

Ukifika Cap Miné, kwenye mnara wa taa, upepo unakupiga mpaka unashikilia kofia. Wanauita varatraza, sisi tungesema ni kusi, unavuma miezi na miezi na ndo maana jirani hapo ghuba ya Sakalava imejaa wazungu wa kuteleza majini na miavuli. Na hapo chini ya mnara ndo kuna vitu nilivyofuata. Mabweni ya askari hayana mapaa, kuta zimebaki na madirisha ni matundu ya kutazamia bahari. Ngazi za zege zinateremka kwenye stoo za risasi ambazo ukiingia unanusa popo kabla hujawaona. Mizinga mingine bado iko palepale, imekaa kwenye vitako vyake, midomo inatazama baharini mashariki, kutu imekula chuma mpaka ukipapasa inabaki mkononi kama unga wa mdalasini. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kijana wangu alishazoea wageni wapige picha mbili kwenye mzinga afu waulize pwani ya kuogelea iko wapi, mpaka akaniuliza kama nina jamaa yangu alikufa hapa. Nikamwambia hapana, lakini alipita.

Sasa vita vyenyewe. Aprili 1942 manowari za Japani ziliingia Bahari ya Hindi zikapiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, Uingereza ikahamisha kundi lake kubwa la meli kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, na kulileta Kilindini. Ndiyo, Mombasa yetu hii, hadi wale wataalamu wao wa kuvunja siri za mawasiliano ya Wajapani walihamia shule ya Allidina Visram. Na Madagaska ilikuwa mikononi mwa serikali ya Vichy, Wafaransa waliokubaliana na Hitler, ambao kule Indochina walishawaachia Wajapani vituo. Meli nyingi za kwenda Misri na India zilikuwa zinapita mlango wa Msumbiji kwa sababu Mediterania haipitiki, kwa hiyo Wajapani wakikaa Diego na nyambizi zao kila kitu kinakatika, na Mombasa inakuwa jirani wa adui. Sijawahi kufundishwa hili shuleni. Nilifundishwa Hitler na Poland na Pearl Harbor, halafu vita vikaisha.

Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza wakashambulia, na walikuwa hawajafanya shambulio kubwa la namna hiyo la kushusha jeshi kutoka baharini tangu Dardanelles, kule Uturuki, mwaka 1915. Walijua vizuri mizinga ya Orangea inatazama wapi. Kwa hiyo hawakuja mlangoni. Walizunguka upande wa pili wa kisiwa, magharibi, ghuba ya Courrier na ya Ambararata, sehemu yenye miamba mingi ambayo Wafaransa waliamini hakuna mwenye akili atapita usiku. Wakasafisha njia ya mabomu ya baharini gizani, mengine yakalipuka na pwani hakuna aliyeshtuka, makomandoo wakapanda mwamba na kuwakuta wenye mizinga wa upande ule wamelala. Ndani ya saa chache wako nchi kavu wanaelekea Diego kwa mgongoni.

Watu wengi wakifika hapa wanacheka. Wanasema angalia ujinga, mizinga yote mashariki na adui kaja na magharibi. Mi sikubaliani, na hapa naomba nieleweke. Mizinga ya pwani kazi yake ya kwanza sio kuzamisha meli, ni kumfanya adui aogope mlango mpaka atafute njia nyingine ndefu na ngumu, na hiyo kazi ya Orangea ilifanyika, Waingereza hawakuthubutu kuingiza meli zao kubwa pale. Ni kama zile hadithi za Singapore iliyoanguka Februari mwaka uleule, kwamba mizinga haikuweza kugeuka kutazama bara, wakati mingi iliweza kugeuka, tatizo risasi zake nyingi zilikuwa za kutoboa vyuma vya meli na sio za kupiga askari wa miguu. Kilichofeli ni kilekile sehemu zote mbili, yule mwenye ngome aliamini mlango mmoja ukishafungwa nyumba nzima imefungwa.

Na hata mstari wa Joffre upande wa nchi kavu ulifanya kazi, tena mzee wa zaidi ya miaka 30. Asubuhi ya tarehe 6 Waingereza walijaribu kuupita uso kwa uso wakashindwa, vifaru vyao vingi vikapigwa. Mambo yalibadilika usiku. Manowari moja ndogo, HMS Anthony, ikabeba wanamaji 50, ikaingia mlango wa Orangea gizani kwa mwendo mkali, mizinga ileile niliyoigusa ikaifyatulia na kuikosa, ikawamwaga wale 50 bandarini nyuma ya mgongo wa walinzi. Watu 50 tu, lakini waliwasha fujo mpaka mstari wa mbele ukachanganyikiwa, na kabla ya asubuhi mji umeanguka. Tarehe 7 meli kubwa ya Waingereza, Ramillies, ikafyatua dakika chache kuelekea rasi, na wenye mizinga wakasalimu amri.

Ukisimama Cap Miné haya yote unayaona bila ramani. Unaona mlango ulivyo mwembamba na unashangaa ile meli ilipitaje. Ukienda siku nyingine upande wa magharibi ukapanda ule mlima wanaouita Windsor Castle, ngazi zinachosha kwelikweli, juu kuna mabaki ya kituo cha Wafaransa cha kutazama bahari, unaiona ghuba ya Courrier yote chini yako na visiwa vyake, na unaelewa kwa nini mtu aliyekaa pale mchana akiangalia ile miamba alilala usingizi mnono. Ndo faida ya kufika kwa miguu. Mwili wako mwenyewe unakuwa umepima umbali na mwinuko.

Mwisho wa Mei wakaja Wajapani kweli. Nyambizi mbili ndogo za watu wawiliwawili zilizoletwa na nyambizi kubwa zilitumwa kuwinda, usiku wa tarehe 30 Ramillies ikatobolewa na meli ya mafuta British Loyalty ikazama palepale bandarini. Yani ule mlango uliojengewa mizinga miaka 40 ulipitwa na kitu kidogo kinachotembea chini ya maji, kitu ambacho Joffre hakuwa anakiwaza mwaka 1900.

Sasa wako wapi watu wetu. Wapo. Miezi michache baada ya Diego kuanguka Uingereza ikaamua kuchukua kisiwa kizima, na jeshi lililobeba sehemu kubwa ya safari hiyo ndefu lilikuwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, vikosi vya Keya kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), Kenya na Tanganyika, watu wa makabila kadha wa kadha wanaoelewana kwa Kiswahili kile cha jeshini walichokiita Ki-KAR. Septemba 1942 walipita bandari ya Majunga wakashika barabara ya kwenda Antananarivo. Wafaransa walikuwa wanarudi nyuma huku wanaangusha miti barabarani, wanarundika mawe, wanavunja madaraja, na askari wetu kazi yao kubwa ikawa kusukuma, kubeba, kufukua na kutembea. Kwenye mto Betsiboka walikuta daraja la kuning'inia limekatwa kamba, limeanguka, limelala kwenye maji machache, wakapita juu yake.

Nilipoisoma hiyo habari kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye chumba cha hoteli Diego, saa nne usiku, na nilikaa kitandani nikalia. Mzee alikuwa hatupambi. Alikuwa anatuambia kitu kilekile kwa miaka na sisi tunamcheka, na hakuna kitabu cha shule wala mwalimu aliyetupa sababu ya kumwamini.

Na upande wa pili wa bunduki walikuwa nani? Jeshi la Vichy kisiwani lilikuwa na watu kama 8,000, wengi wao Wamalagasi, na Wasenegali wa kutosha. Hili linanikaa rohoni kuliko mengine yote. Mtu katoka Songea, mwingine katoka Senegal, mwingine kazaliwa hapohapo Antsirabe, wanalengana kwenye milima kwa sababu London na Vichy wamegombana. Novemba 1942 vita vikaisha, na Januari 1943 Uingereza ikakabidhi kisiwa kwa Wafaransa wa De Gaulle, wale waliokataa kukubaliana na Hitler. Sio kwa Wamalagasi. Kisiwa kilitoka mkono mmoja wa Mfaransa kikaingia mkono mwingine wa Mfaransa, na askari wetu ndo walikibeba katikati. Wamalagasi waliposimama kudai nchi yao tarehe 29 Machi 1947, baadhi yao wakiwa ni watu waliopigania jeshi la Ufaransa, walichinjwa kwa maelfu. Uhuru ukaja 1960, na jeshi la Ufaransa likaondoka Diego miaka ya 1970.

Kwa hiyo mtu akiniambia yale mahandaki ni urithi wa kikoloni yaache yaoze, namuelewa hasira yake lakini namkatalia. Yakioza hatapata hasara Joffre, yeye ana sanamu, ana vitabu, ana mitaa hadi Paris. Atakayepotea ni yule ambaye ushahidi wake pekee ni mahali. Askari wa Keya hakuandika kumbukumbu, wengi walitia dole gumba. Picha walizopigwa hazina majina. Zikiondoka barabara, daraja, ngome na makaburi, basi amebaki mzee mmoja kwenye kigoda anachekwa na wajukuu.

Makaburi ndo nilimalizia. Pale Diego kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, zaidi ya watu 300, yametunzwa vizuri kabisa, majani yamekatwa, mawe yamesimama mistari. Kuna Waingereza, na kuna watu wetu wa Afrika Mashariki, namba ya askari, jina, kikosi. Niliyasoma majina kwa sauti, kwa sababu mtunza bustani alikuwa mbali na sikuona aibu. Mengine ni majina ambayo ukiyaita leo sokoni Kariakoo atageuka mtu. Kitabu cha wageni kilikuwepo, nikakifungua kurasa nyingi nyuma: Uingereza, Afrika Kusini, Ufaransa, Uingereza. Kwenye kurasa nilizofungua mimi sikuona Tanzania wala Kenya wala Malawi.

Na sio kwamba sisi hatujui kutunza mizinga. Nenda Fort Jesus, nje pale utakuta mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyomalizwa Rufiji 1915, na mwingine wa Pegasus ya Waingereza iliyozamishwa Zanzibar 1914. Watalii wanapiga picha, kila mzinga una kabila lake na hadithi yake. Nenda Dar pale Posta, Sanamu ya Askari lipo tangu 1927, na maandishi yake hata kwa Kiswahili yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayapo pale. Mwaka 2021 ile tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa vita vya kwanza hawakukumbukwa sawa na wazungu, wengine hawakuandikwa kabisa. Vita vya pili wana bahati, wengi wana mawe. Wameandikwa tayari, sisi ndo hatujaenda kuwasoma.

Mi sio tajiri wala sio mkubwa wa makumbusho, lakini naona vitu vinavyowezekana. Makumbusho yetu ya Dar na Fort Jesus wanaweza kuweka ukuta mmoja tu wa Bukini, ramani, daraja la Betsiboka, majina kutoka makaburi ya Diego. Silabasi inaweza kupata ukurasa mmoja. Wenzetu Wamalagasi wangeweza kuweka pale Cap Miné bango la lugha tatu nne, kwa sababu nilipopita mimi sikuona hata moja, na ile mizinga kila mwaka inapungua, kutu inakula na binadamu anakata vyuma akauze. Sisemi wajenge hoteli pale wala wapake rangi. Waache kutu, waache popo, waweke maneno.

Na kwako unayesoma, kama una mzee bado yupo, au bibi anayekumbuka maneno ya mumewe, muulize leo kama alishawahi kusikia Bukini, Majunga, Diego, Betsiboka. Mzee wa Keya aliyekuwa kijana 1942 leo ana miaka 100 na zaidi, hatuna muda. Muulize namba yake ya jeshi, wengi walikuwa hawaisahau hata wakisahau siku ya harusi. Andika, rekodi kwa simu, hata kama unaona anakupamba.

Mimi namba ya babu ninayo, mama aliikuta nyuma ya picha kwenye sanduku baada ya mimi kurudi na kuwasimulia habari ya daraja. Mama alisikiliza mpaka mwisho, afu akaniuliza swali moja tu, kama yale maji kweli yalikuwa machache.